Pampu Moja na Kitambaa Chake

Walimu wadogo wa fizikia mlioniaga mwezi uliopita kwa saa ya ukutani na hotuba nyingi, mliniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi, eti yatawasaidia. Nashukuru kwa saa. Mtu akishastaafu, kitu anachokihitaji kuliko vyote ni kujua kwamba imefika saa mbili asubuhi na hana pa kwenda. Hotuba nazo zilikuwa nzuri, hasa ile ya mkuu wa shule, iliyonisifu kwa kufundisha kemia kwa moyo. Sijawahi kufundisha kemia.

Basi naandika. Vyeo sitavitaja kwa kuwa ni vichache, na mshahara sitautaja kwa kuwa mnaujua. Nitaandika juu ya ombwe, yaani mahali palipoondolewa kila kitu mpaka hewa, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee ambacho maabara zetu za wilaya ya Muleba zilikuwa nacho cha kutosha. Na nitaandika juu ya siku ambayo ombwe hilo lilikaribia kuniondolea mwanafunzi bora niliyepata kumfundisha.

Nilipangiwa kwanza shule moja kule Ngenge, bondeni mwa wilaya hiyo. Sisi tuliozaliwa Kitendaguro, kwenye migomba na mvua, Ngenge tulikuwa tunaisikia tu kama mahali pa jua na ng'ombe. Mama alinifungia mkungu mzima wa ndizi kana kwamba nahamia nchi isiyolima. Mkuu wa shule alinipokea vizuri, akanipeleka moja kwa moja kwenye maabara. Mlangoni palikuwa pameandikwa MAABARA kwa rangi nyekundu, na aliyeandika alikuwa na mwandiko mzuri sana. Ndani mlikuwa na meza ndefu za saruji, bomba lisilotoa maji, kabati lisilo na mlango, na magunia ya maharage ya shule. Mkuu akaniuliza kama nimeipenda. Nikamwambia ina nafasi. Akafurahi, akasema mwalimu aliyenitangulia alikuwa mtu wa kulalamika.

Miezi ya mwanzo nilifundisha mizani kwa kuchora mizani ubaoni. Nilichora vizuri, na kivuli nikaweka. Wanafunzi walisoma gramu kwenye mchoro, nami nikawasahihisha kwamba wamesoma vibaya. Siku hizi mnaambiwa mtumie mbinu shirikishi. Sisi tulishirikishana chaki.

Aliyeniokoa ni mwalimu mmoja wa kemia wa shule ya Kagoma, mama wa makamo aliyekuwa pia kiongozi wa kwaya ya kanisa lao la Kilutheri. Wote tulimwita Ma Koku. Alikuja Ngenge kumsalimia ndugu yake, akapita shuleni, akachungulia maabara yangu, akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la maharage. Kisha akanieleza habari ya mzunguko. Kwa ufupi, hakuna shule iliyokuwa na vyombo, ila kila shule ilikuwa na chombo. Hapa mizani, pale lenzi, kule kipima umeme. Ikikaribia siku ya mtihani wa vitendo au ya ukaguzi, vyombo vyote vinasafiri kwenda kwenye shule inayotazamwa, vinapangwa mezani, vinasifiwa, halafu vinasafiri kwenda kwenye shule inayofuata. Vilibebwa ndani ya begi kubwa la kinanda cha kwaya. Watu wa njiani walidhani kwaya ya Ma Koku inafanya mazoezi kupita kiasi.

"Omwana wange," aliniambia siku hiyo kwa Kihaya, kama mama kwa mwanawe, "usijisumbue kuwa na maabara. Jisumbue kujua iko wapi leo."

Sijapata mafunzo ya ualimu yaliyozidi hayo, na nimehudhuria semina nyingi zenye chai.

Chombo cha heshima kuliko vyote katika mzunguko kilikuwa pampu ya kutolea hewa. Ilikuwa ya mkono, ya chuma, pamoja na mtungi wake mzito wa kioo, na ilikaa kwenye shule moja mjini Bukoba chini ya fundi wa maabara aliyeitwa Bwana Swalehe. Babu yake alitoka pwani, na yeye mwenyewe, ingawa alizaliwa hatua chache kutoka ziwani, aliongea Kiswahili ambacho kilitufanya sisi wengine tujisikie tunasoma kutoka kitabuni. Kuiazima pampu kwake kulikuwa kama kwenda kuposa. Unakaa, unakunywa kahawa, unaulizwa ukoo. Akikubali, anatoa sharti moja tu, kwamba pampu haitoki wala kukaa bila kitambaa chake. Mkewe alikuwa ameifumia kitambaa cheupe chenye maua ya rangi ya chungwa na pindo la mawimbi, kinaivika pampu kuanzia kichwani mpaka kwenye mpini.

"Chombo hakendi kwa watu kitupu, Mwalimu," alikuwa akisema. "Hata pampu ina stara yake."

Hakuna kati yetu aliyeona ajabu. Nyumba gani kwetu ina redio isiyo na kitambaa? Chupa ya chai ina kitambaa, kiti kina kitambaa, televisheni iliyoharibika ina kitambaa kizuri kuliko inayofanya kazi. Tuliiona pampu imevaa vizuri, basi.

Ilipofika Ngenge kwa mara ya kwanza nilikuwa na kidato cha sita chenye wanafunzi wachache, mmoja wao Asimwe, binti wa mkulima wa kahawa wa upande wa Kagoma. Alikuwa na ugonjwa mbaya kwa mwanafunzi, wa kutaka kuelewa. Jaribio lenyewe mnalijua, au angalau mmelichora. Kengele ndogo ya betri inawekwa ndani ya mtungi, inalia, unatoa hewa kwa pampu, na sauti inafifia mpaka inapotea, ingawa kinyundo unakiona bado kinagonga. Mwongozo unataka mwanafunzi aandike kwamba sauti haisafiri katika ombwe, na kwamba ombwe ni mahali pasipo na kitu. Wote wakaandika isipokuwa Asimwe. Yeye aliuliza, kama mle ndani hamna kitu, mwanga unaotuonyesha kinyundo unapita kwenye nini.

Nilikuwa na majibu mawili. La kwanza ni kwamba hilo halimo kwenye mtaala, jibu lililookoa walimu wengi, nami nawaachia bure. La pili lilikuwa refu, na kipindi kilichofuata kilikuwa cha mwalimu ambaye tulikuwa tumeshasahau sura yake. Nikachagua la pili.

Nikawaambia kwamba wataalamu wa siku hizi hawaanzi na chembe, wanaanza na uga. Uga umetandaa kila mahali, hata ndani ya mtungi uliotolewa hewa yote. Upo uga wa mwanga, upo uga wa elektroni, na nyinginezo. Chembe ni uga uliotikisika kwa kipimo chake kamili. Ukiondoa chembe zote, uga unabaki palepale, na haunyamazi kabisa, kwa sababu maumbile hayakubali kitu kijulikane mahali pake kwa uhakika na papo hapo kiwe kimetulia tuli. Mfano wangu ulikuwa darasa lenyewe. Liambie linyamaze, lisimamie na fimbo, mwite na mkuu wa shule. Utabaki mnong'ono mdogo ambao hakuna mwalimu aliyepata kuushusha zaidi. Ombwe ndilo darasa hilo. Wengine hulieleza kwa kusema kwamba chembe hujitokeza kwa nishati ya kuazima na kuirudisha kabla hazijaonekana. Hiyo ni picha tu, wenye kujua sana hukunja uso wakiisikia, ila nadhani walimu wa Muleba tuliielewa haraka kuliko watu wengine wowote duniani.

Kesho yake Asimwe akaja na swali la tungamo. Nasema tungamo, sisemi uzito. Anayevichanganya hivi viwili asiwe mwalimu wa fizikia, awe mkuu wa shule. Tungamo ni ule ukaidi wa kitu kukataa kubadilishiwa mwendo. Alitaka kujua chembe inautoa wapi ukaidi huo. Nikamwambia upo uga mmoja wa namna yake, ambao hata katika ombwe haushuki kuwa sifuri. Elektroni inashikana nao, kwa hiyo ina tungamo. Chembe ya mwanga haishikani nao, kwa hiyo haina. Nikatoa mfano wa nyumbani. Mtu asiyejulikana hutoka Kitendaguro mpaka sokoni bila kusimama. Mchungaji akipita njia ileile, kila kibanja kinamwamkia, anaulizwa habari za watoto, za migomba, za mvua, na anafika sokoni limeshafungwa.

"Mwalimu waitu," akasema Asimwe kwa heshima ya Kihaya, "huyo mchungaji amecheleweshwa tu. Kitu chenye tungamo kikishaanza kwenda, hakisimami chenyewe."

Nilinuna kidogo, maana mfano wangu niliupenda. Lakini alikuwa sahihi kabisa. Akasema afadhali tumchukue mchungaji anayesindikizwa na umati. Kumwanzisha ni kazi kwa kuwa lazima wote wainuke, na akishaanza kwenda, kumsimamisha ni kazi pia kwa kuwa wote wanakuja nyuma yake. Mfano huo nimeutumia mpaka nastaafu, na nimepongezwa kwa huo mara nyingi.

Ukamfaa pia kwa jambo la mwisho. Elektroni huwezi kuipima ikiwa peke yake, kwa kuwa nyuga zinazoizunguka zinachezacheza nayo daima. Unachopima ni elektroni pamoja na msafara wake, kama vile hakuna aliyewahi kumwona mkubwa akija Ngenge bila magari ya kumfuata. Wataalamu walipopiga hesabu ya msafara huo walipata jibu lisilo na mwisho. Hawakuona haya. Walitafuta njia ya heshima ya kuliweka kando, wakabaki na jibu linalolingana na vipimo kwa usahihi wa kutisha. Na nishati ya ombwe lenyewe, wakiikadiria, inawajia kubwa mno kuliko ile inayoonekana angani, kubwa kiasi cha kichekesho, na bado wanaitwa maprofesa. Mwanafunzi wa Ngenge akikosea hivyo anaambiwa akalete mzazi. Asimwe alicheka, kisha akapigia mstari sentensi moja tu, kwamba mitikisiko hiyo haionekani yenyewe, lakini inaiachia elektroni alama inayopimika.

Muhula uliofuata tukaletewa habari kwamba mchepuo wa fizikia shuleni kwetu utafungwa kama mkaguzi hatakuta vyombo. Wanafunzi wangehamishiwa masomo ya sanaa. Kwa wengine lilikuwa jambo la kuhuzunisha. Kwa Asimwe lilikuwa mwisho. Baba yake alikwisha kumwambia kwamba anamsomesha kwa sababu ya fizikia, na kama ni historia, hata yeye anaijua, arudi nyumbani wachume kahawa. Hakuwa mtu mbaya yule mzee. Alikuja shuleni kunieleza kwa upole kabisa, akaniletea na kuku. Nilikosa usingizi kwa ajili ya mtoto yule kuliko nilivyokosa kwa ajili ya jambo lolote la ofisi.

Ma Koku akauita mzunguko wote. Vikaja vyombo ambavyo hata sikujua vipo Muleba. Tulikwangua majina ya shule nyingine, tukapaka rangi, tukaandika jina letu. Maharage yakahamia ofisi ya walimu. Bwana Swalehe alikuja na pampu mwenyewe, kwa kuwa mikono yetu hakuiamini, naye akajitambulisha kuwa ni fundi wetu wa maabara, cheo ambacho shule haikuwa nacho na mpaka naondoka ilikuwa haijakipata. Tulikagua kila kitu mara mbilimbili. Wenye akili tulikuwa wengi mle chumbani, tena wenye shahada.

Mkaguzi alikuwa mtu mpole, mkimya, mwenye viatu visivyoogopa vumbi. Akapita mezani taratibu, akagusa mizani, akagusa lenzi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alipofika kwenye pampu, Bwana Swalehe akaivua kitambaa kwa adabu zote, kama anayefunua uso wa bibi harusi, akakikunja na kukiweka pembeni. Nami nikaanza maelezo yangu. Baada ya muda niliona mkaguzi haitazami pampu. Anatazama kitambaa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Juzi yake alikuwa Kagoma. Wiki moja kabla alikuwa shule nyingine, na kabla ya hiyo, nyingine. Pampu za chuma zinafanana, hasa zikishapakwa rangi, lakini maua yale ya rangi ya chungwa hayakuwa na ndugu popote mkoani. Tulifuta kila jina, hatukuvua kitambaa, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiri kwamba chombo cha heshima kinaweza kukaa wazi.

Mkaguzi hakuniuliza mimi. Alimgeukia Asimwe, aliyekuwa ameshika mpini.

"Binti, pampu hii ni ya shule yenu?"

Bwana Swalehe akaanza kuhesabu mabati ya paa.

"Hapana, Mheshimiwa," akasema Asimwe. "Imeazimwa."

"Na mizani?"

"Nayo imeazimwa."

"Kwa hiyo hapa hamna kitu."

"Vyombo vinarudi kwao, Mheshimiwa. Tulichojifunza hakirudi navyo. Niulize kuhusu pampu hii, halafu itoe nje, halafu niulize tena."

Mkaguzi akafikiri, kisha akafanya hivyohivyo. Aliuliza maswali kadhaa, akamwomba Bwana Swalehe aitoe pampu nje ya mlango, na meza ilipobaki tupu akauliza mengine, magumu zaidi. Asimwe akajibu yote akiitazama saruji kana kwamba pampu bado ipo. Alipoulizwa kuna nini ndani ya mtungi uliotolewa hewa, hakusema hamna kitu. Alieleza habari ya uga, mwanga na kinyundo, na darasa lisilonyamaza. Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho, na sina hakika alikuwa anasahihisha au anajifunza.

Alipomaliza, alikichukua kile kitambaa, akakinyoosha, akanikabidhi.

"Siku nyingine mkihamisha vyombo," akasema, "hiki mkiache nyumbani."

Mchepuo haukufungwa. Kwa mkuu wa shule alisema tu kwamba vyombo amevikuta na vinatumika, na yote mawili yalikuwa kweli. Mimi nililia kwa furaha, niseme wazi, nikiwa nimejificha nyuma ya kabati lisilo na mlango, mahali pabaya sana pa kujificha. Jioni tulimla yule kuku wa baba yake Asimwe, na Bwana Swalehe, aliyemchinja mwenyewe, akauliza mwishoni kama mkewe aelezwe habari ya kitambaa au asielezwe.

Baada ya hapo miaka ilikwenda kama miaka ya kazi inavyokwenda, yaani kwa mikutano. Nilihamishiwa mjini. Walipotangaza huko Ulaya kwamba wameipata ile chembe inayotokana na uga wa tungamo, niliingia ofisi ya walimu nikiwa na furaha kama niliyeoa upya, nikawaeleza wenzangu, nao wakaniuliza kama itapandisha madaraja. Ma Koku alistaafu, bado anaiongoza kwaya, na begi la kinanda siku hizi lina kinanda. Bwana Swalehe alifariki. Nilikwenda msibani, na mjane wake akaniletea kitambaa kile kimekunjwa vizuri, akasema marehemu aliagiza nipewe kwa kuwa mimi ndiye niliyekiaibisha.

Shule yetu hii ya mjini, mnajua wenyewe, ilipata vyombo vipya. Viko kwenye maboksi ndani ya maabara iliyofungwa, na ufunguo anao mkuu, asije mtu akavivunja kabla wageni hawajaviona. Hilo ndilo ombwe pekee la kweli nililokutana nalo katika kazi hii. Yafungueni, na mkiulizwa semeni ni mimi niliyesema. Hawawezi kunifukuza tena.

Asimwe alisoma fizikia mpaka ikamwishia, kisha akarudi Bukoba kuifundisha, kwenye shule ileile inayoitunza pampu. Juzi alinipigia simu. Pampu inakwenda Ngenge Jumatatu, akasema, kuna ukaguzi, na kutoka hapo inakwenda Kagoma. Nikamwuliza kama ameitia mafuta. Ameitia. Nikamwuliza kama raba ya mtungi ni nzima. Ni nzima.

"Nimepiga kwa ajili ya kitambaa, Mwalimu."

Nikamkumbusha alichosema mkaguzi.

"Nakumbuka. Safari hii nataka wakaguzi wakione. Wakione Ngenge, wakione Kagoma, wakione kila watakapokwenda, mpaka mmoja wao aulize kwa nini shule zote hizi zina kitambaa kimoja."

Nikamwambia asubiri, kitamfikia kabla ya Jumatatu. Nimekifua jana, nikakianika kivulini maua yasipauke, nimekipiga pasi. Kilikuwa juu ya kabati langu, nimeifunika nacho ile saa yenu. Saa imebaki wazi.